Mdogo wangu kachora kunguru ukutani, kafunguliwa kesi ya miaka 7. Mganga mwenye tangazo ukuta huohuo hajaguswa!

Wakuu, salaam. Leo nina hasira, kwa hiyo nikikosea herufi mnisamehe.

Mdogo wangu wa mwisho, ambaye wazazi waliniachia nikamlea kwa cherehani, alikamatwa Ijumaa moja usiku, Februari 2024, akichora ukuta wa godauni hapa Dar. Alikuwa na miaka 18 na miezi miwili. Hiyo miezi miwili ishikeni, nitairudia. Alikuwa na mwenzake wa miaka 17, makopo manne ya spreyi na ngazi ya kuazima. Wao wanaita kupiga chata. Mimi naita ujinga, na nilimwambia hivyo kabla ya polisi.

Alichochora ni kunguru. Hawahawa kunguru wetu wa Dar wanaoiba sabuni na vifaranga, ila huyu kavaa tai nyekundu na kabana faili chini ya bawa. Kimo chake kama mita mbili. Sasa niwatembeze kidogo kwenye huo ukuta, maana kesi yote imo humo. Una urefu wa kama mita 60. Ukianzia kushoto: MGANGA BINGWA KUTOKA SUMBAWANGA, anarudisha mume, mvuto wa biashara, nguvu za kiume, na namba ya simu tarakimu zote kumi, kila moja kubwa kama sinia. Ukisogea: TUNAZIBUA VYOO, namba ya simu. Ukisogea tena: mabango ya kampeni, juu ya mabango ya kampeni, juu ya mengine ya uchaguzi wa nyuma yake, gundi imekuwa ngumu kama zege. Halafu MARUFUKU KUKOJOA HAPA FAINI 50,000, na chini yake ushahidi wa watu wasiojua kusoma au wenye pesa. Kunguru alikaa kati ya vyoo na marufuku.

Huo ndio ukuta ulioharibiwa.

Kituoni afande wa kwanza hakuuliza ukuta ni wa nani wala rangi imetoka wapi. Aliuliza: "Huyu kunguru mwenye tai ni nani?" Mtoto akajibu ni kunguru tu, afande. "Kunguru gani anavaa tai?" Saa nzima iliishia hapo. Nadhani walikumbuka Nairobi 2012, mwanaharakati Boniface Mwangi na wenzake walipochora wanasiasa kama tumbusi, jiji likatuma watu na ndoo za rangi kufuta. Angalau wale walifuta. Huku kwetu kunguru yupo mpaka leo. Eti ni kielelezo cha ushahidi.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka aliyekamatwa bila hati afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, na ikishindikana kwa makosa ya kawaida adhaminiwe. Mdogo wangu alilala ndani Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, akatoka Jumatatu jioni. Pale kaunta ukutani pameandikwa kwa rangi safi ya bluu: DHAMANA NI HAKI YAKO, DHAMANA NI BURE. Hayo maandishi ya ukutani hayakumshughulisha mtu hata mmoja. Mimi yalinigharimu elfu themanini "ya mafuta ya gari". Gari gani sikuliona, na risiti msiniulize.

Baada ya hapo, kuripoti kila Jumatatu kwa miezi mitano, upelelezi unaendelea. Jamani, upelelezi gani? Kunguru yupo ukutani, mchoraji yupo kwenye benchi, rangi bado iko kwenye kucha! Wakili mmoja alinieleza kwamba sheria siku hizi inataka upelelezi ukamilike kabla kesi haijafika mahakamani, isipokuwa makosa makubwa, ili watu wasisote rumande. Ni nzuri. Ila kwetu kusota kumehamia kituoni tu, na huko hakuna hakimu wa kumlalamikia.

Nilipoiona hati ya mashtaka ndipo nilipokaa chini. Kuharibu mali, kinyume na kifungu cha 326(1) cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Adhabu yake kifungo mpaka miaka 7. Na wenzetu Kenya wanacho chao, kifungu cha 339, miaka 5. Nilidhani kuna kosa dogo la kuchora kuta, la kwenda kulipa faini na kupewa brashi. Kumbe aliyechora kunguru na aliyebomoa nyumba ya mtu kwa nyundo wanaweza kusomewa kifungu kilekile, halafu inabaki busara ya hakimu kupima.

Na thamani ya uharibifu je? Imeandikwa shilingi milioni tatu na laki nane. Nilimpeleka fundi rangi mwenye miaka yake ishirini kazini akaangalia: skrepa, ndoo ya rangi, ufundi wake wa siku moja, laki na themanini, na hapo kapiga na chai. Hiyo milioni tatu na ushee ni ya kupaka ukuta mzima mita 60. Yaani kunguru alipie na mganga, alipie na vyoo, alipie na wagombea walioshindwa!

Tulimwendea mwenye godauni, mimi na mjumbe wetu wa mtaa. Tulipiga magoti. Mdogo wangu akasema: "Mzee, nitaupaka wote kwa mikono yangu, wiki mbili, bila malipo." Mzee alikuwa ameshaanza kulegea, akamwita mtu atuletee soda. Meneja wake ndiye aliyedakia kwamba suala limeshafika kwa vyombo vya dola, acha iwe fundisho kwa vijana. Nikamuuliza, na huyu mganga mbona hamjamshtaki? Akasema: "Hao hawajulikani, dada."

Hawajulikani. Na namba ya simu hiyo hapo.

Sasa turudi kwenye miezi miwili. Yule mwenzake wa miaka 17 alikwenda Mahakama ya Watoto. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kabisa mtoto kuhukumiwa kifungo, na kesi yake inasikilizwa faragha, afisa ustawi wa jamii akiwepo. Walimhoji na mama yake, wakaangalia shule, akawekwa chini ya uangalizi, yakaisha. Leo yuko kidato cha sita. Ukuta uleule, kopo lilelile la spreyi, na tai nyekundu ni yeye aliyeipaka, wangu alipaka mwili! Sina kinyongo na yule mtoto, ndivyo inavyotakiwa iwe. Nachokataa ni kwamba siku sitini za kuzaliwa mapema zikufanye uwe jambazi.

Mahakamani kwenyewe sitasema mengi. Wadhamini wawili, vitambulisho vya NIDA, barua za serikali ya mtaa (mhuri nao una "chai" yake). Kisha ahirisha. Shahidi hajafika. Mwendesha mashtaka ana udhuru. Shahidi kafika, faili halijafika. Hakimu yuko kwenye kikao. Mara kumi na moja, wakuu. Kila tarehe nafunga cherehani, nalipa nauli ya watu wawili, na nguo za wateja zinalala. Nikijumlisha, hela niliyotumia ingepaka ule ukuta mara mbili na kumlipa mganga amrudishe meneja kwao.

Kilichonifanya nifungue uzi huu ni cha wiki iliyopita. Mtu mmoja wa pale koridoni kamwita mdogo wangu pembeni: "Dogo, kiri tu, utapewa adhabu nyepesi, mnaenda nyumbani." Mdogo wangu akanipigia simu kwa furaha kwamba yanaisha. Nilipiga kelele mpaka mteja akadondosha kitambaa.

Hakuna mtu anayewaambia vijana kinachofuata baada ya kukiri. Ukikiri umetiwa hatiani. Hata kama hakimu ana huruma na anakuachia kwa sharti la kutotenda kosa kwa muda usiozidi miezi 12, kama kifungu cha 38 cha Kanuni ya Adhabu kinavyomruhusu, hatia inabaki palepale. Pamoja na hiyo anaweza kukuamuru ulipe fidia, na fidia iliyoandikwa ni ile ya mita 60. Halafu siku unaomba kazi ya ulinzi, au kujiunga na jeshi, au kwenda Oman kutafuta maisha, unaambiwa lete cheti cha tabia njema cha polisi. Unaweka vidole kwenye wino. Vinakwenda, vinarudi na kunguru.

Na njia nyingine zipo, ndiyo maana nina hasira. Ipo Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 2002: hakimu akiona kosa halistahili zaidi ya miaka 3, anaweza kumpa mtu kazi ya jamii bila malipo badala ya jela. Nani kwenye nchi hii anafaa kazi hiyo kuliko kijana mwenye mkono wa kuchora, wakati shule za msingi huku Mbagala hazijaona rangi tangu zijengwe? Upatanisho nao upo kwa mashauri yaliyo baina ya mtu na mtu, yale ambayo jamii haipati hasara wasipoadhibiwa. Tulipouomba, mwendesha mashtaka akajibu kosa lenye adhabu ya miaka 7 si la kupatanishwa. Hiyo saba ndiyo kufuli la kila mlango. Wanachagua kifungu kizito, kisha uzito wa kifungu unakuwa sababu ya kukunyima yaliyo mepesi.

NYONGEZA: Naona mkuu mmoja hapo chini kashaniletea Singapore, "kule wangemcharaza bakora". Kweli, wanacharaza. Mwaka 1994 kijana wa Kimarekani, Michael Fay, miaka 18, alihukumiwa viboko 6 na jela miezi minne kwa kupuliza rangi magari ya watu. Rais Clinton akaomba, wakapunguza vikawa 4, akachapwa. Lakini soma hiyo sheria yao ya 1966 vizuri, mkuu. Imetaja kuandika na kuchora, na palepale imetaja kubandika mabango na matangazo. Kule foleni ya washtakiwa ingeanza na mganga, wangefuata wagombea, kunguru angekuwa wa mwisho. Ukitaka Singapore chukua yote.

Na wewe uliyesema nimemdekeza: inawezekana. Sijasema hakukosea. Ukuta si wake. Nataka aupake.

Kesi inatajwa tena tarehe 14. Kama kuna wakili humu anayefanya msaada wa kisheria, au aliyepitia kesi ya 326 akaimaliza bila kutiwa hatiani, naomba aniambie tulipaswa kusema nini, kwa nani, na kwa maneno gani. Aje PM, yaani ujumbe wa faragha.

Jana nilipita pale. Mganga kaongeza huduma mpya, KUSHINDA KESI MAHAKAMANI, kaiandika mpaka juu ya mguu wa kunguru, rangi bado mbichi. Nikaipiga ile namba ya mtu asiyejulikana. Imeita mara mbili tu, akapokea.