Mrejesho: fedha za kikundi chetu cha wenye ulemavu, Arua, Uganda

Ndugu zangu, asanteni sana. Niliwauliza tutapata wapi fedha za kupinga ubaguzi sokoni, maana mama zetu wenye ulemavu wananyimwa meza. Mkanielekeza kwa afisa maendeleo ya jamii.

Nimekwenda. Kosa letu lilikuwa kuchanganya mambo mawili, mradi wa kipato na utetezi wa haki, katika andiko moja la kuomba fedha. Ruzuku maalumu ya serikali kwa watu wenye ulemavu ni ya miradi ya kipato, kwa hiyo huko tumepeleka ushonaji peke yake. Na katika fedha za serikali za maendeleo ya parishi (eneo la utawala, si la kanisa), asilimia 10 ni fungu letu, sisi wenye ulemavu. Msikubali kuambiwa mngoje wengine wamalize.

Utetezi tumeuandikia andiko lake jipya, tukianza na Ibara ya 21 ya Katiba ya Uganda ya 1995, inayokataza ubaguzi na kutaja ulemavu waziwazi. Tutalielekeza kwa Disability Rights Fund, mfuko wa kimataifa wa haki za wenye ulemavu, wanaosaidia vyama vinavyoongozwa na wenye ulemavu wenyewe. Mwenyekiti wetu, mama asiyeona, aliposomewa ibara ile aliomba irudiwe mara tatu.

Majibu bado. Kuhusu meza, tumeomba kikao na uongozi wa soko.