Bata wa jirani wanakufa ghafla, wangu niwachanje vipi?

MfugajiBwawani: Wakuu, habari za humu. Jirani yangu anapoteza bata kila kukicha. Jioni wanakula vizuri, asubuhi anakuta mizoga. Waliochelewa kufa walihema kwa shida, ute ukiwatoka mdomoni, kinyesi cha kijani. Daktari wa mifugo alipasua mmoja, akakuta damu imevilia kwenye moyo na maini yana vidoa vyeupe. Anahisi ni kipindupindu cha ndege. Wangu bado wazima, lakini bwawa tunatumia moja. Chanjo ya kideri walishapata. Inatosha? Naombeni ushauri, roho haitulii.

Mama Vifaranga: Pole sana ndugu yangu. Kideri ni kirusi, hiki ni bakteria anayeitwa Pasteurella multocida. Chanjo ya kideri haisaidii chochote hapa. Watoe bwawani leo hii, kabla hata ya kufikiria chanjo, maana kinga huchukua wiki kadhaa kujengeka na ugonjwa huu unaua kwa saa chache.

Kiota: Mbona mnamtisha? Awape antibayotiki kwenye maji, mambo yaishe.

DaktariWaMabanda: Hayaishi, Kiota. Antibayotiki hupunguza vifo, ukiacha dawa vinaweza kurudi, kwa sababu bata waliopona hubaki na vimelea na kuwaambukiza wenzao.

Mleta mada, kwanza mwombe daktari apeleke sampuli maabara wawaoteshe hao bakteria. Tauni ya bata inaweza kuua ghafla vilevile, nayo ni kirusi chenye chanjo yake tofauti. Pia Pasteurella ana aina 16 zinazojulikana, na chanjo ya vimelea waliouawa hukinga zaidi dhidi ya aina zilizomo kwenye chupa. Hapa ndipo wengi wanapolalamika kuwa chanjo ni feki, kumbe aina hazikulingana. Isipopatikana inayolingana, kuna maabara zinazotengeneza chanjo kutokana na bakteria wa kundi husika.

MfugajiBwawani: Asante sana dokta. Nasikia kuna chanjo hai ya kuwapa kwenye maji. Si ndiyo rahisi?

DaktariWaMabanda: Rahisi kuitoa, ila yenyewe inaweza kuleta ugonjwa, na ukiwa unatumia antibayotiki inakufa kabla ya kufanya kazi. Kwa hali yako ningechukua ya vimelea waliouawa, iliyoandikwa kuwa inafaa bata. Ni sindano chini ya ngozi ya shingo, kwa bata wasio wagonjwa tu, na dozi ya pili wiki chache baadaye kama kibandiko kinavyoelekeza. Itunze kwenye nyuzi 2 hadi 8, isigande kamwe. Iache ipoteze ubaridi kabla ya kuchoma, tikisa chupa vizuri. Na tafadhali, kama chanjo yenyewe ina mafuta na sindano yake ikakuchoma kidole, nenda hospitali saa hiyohiyo na chupa mkononi. Usingoje kidole kivimbe.

Mama Vifaranga: Panya nao wanabeba vimelea hivi, wadhibiti. Mizoga ichomwe au ifukiwe, na anayeishika avae glavu. Jirani asiitupe bwawani!

MfugajiBwawani: Nimewafungia bandani tayari, na daktari anakuja kuchukua sampuli. Swali la mwisho: jirani ana mayai aliyookota kabla ya vifo. Vifaranga watakaoanguliwa watatoka na ugonjwa?

DaktariWaMabanda: Ugonjwa huu kwa kawaida haupiti ndani ya yai. Achague masafi, ayaangulishe mbali na banda lile, na vifaranga wasikutanishwe kabisa na bata waliopona.