Naombeni ushauri: kuanza telemark (skii za kisigino huru)

Mleta uzi: Wakuu habari zenu. Nipo Norway, na skii za alpini (zinazofunga kisigino) nashuka vizuri kwenye njia za bluu na nyekundu, yaani za rahisi na za wastani. Msimu huu nataka kuhamia telemark, yaani kukata kona mguu mmoja ukiwa mbele na goti la nyuma limekunjwa. Ninunue baindingi (vifungio vya buti kwenye skii) za 75 mm au NTN (New Telemark Norm, mfumo mpya wa telemark)? Skii zangu zenye upana wa 88 mm katikati zinafaa? Seti niliyoazima kujaribia, skii ya nyuma inanitoroka kila kona.

Fundi_Skii: Karibu mkuu. Chagua buti kwanza, maana buti ndiyo inayoamua baindingi. Buti ya 75 mm ina ulimi bapa mbele wenye upana huo unaoingia kwenye baindingi, kisha kebo yenye springi inazunguka kisigino. Kazi hiyo ya kushika kisigino mwanaskii Sondre Norheim wa Morgedal, kijiji cha eneo la Telemark huko huko Norway, aliifanya karne ya 19 kwa vijiti vilivyosokotwa. NTN ililetwa na Rottefella, kampuni ya baindingi ya Norway, mwaka 2007. Haina ulimi; buti inanaswa chini ya unyayo, mbele ya kisigino. Kwa hiyo buti ya NTN isiyo na ulimi haikai kwenye 75 mm hata ulazimishe.

Kwa anayetoka alpini napendekeza NTN. Inaishika skii vizuri zaidi unapoilaza ubavuni, na nyingi zina breki. 75 mm utaipata kwa bei nafuu kwenye mitumba, lakini angalia mikunjo ya vidoleni (sehemu ya buti inayopinda kisigino kikipanda) kama ina nyufa. Ukiwa dukani piga goti moja chini: mikunjo ikikubana vidole kwa juu, acha buti hiyo.

Skii zako zinafaa kabisa. Matundu ya baindingi za zamani yazibwe, mapya yakae angalau sm 1 kutoka hapo. Skii yenye bati ndani hutobolewa kwa keekee ya 4.1 mm, isiyo na bati 3.5 mm, kina 9 mm, na gundi iingie kabla ya skrubu. Ukiruka gundi, maji yanafika kwenye mbao na skrubu zinalegea.

Goti_Chini: Kuhusu skii kutoroka: mguu wa nyuma hauna uzito. Wengi wanaotoka alpini wanaegemea mguu wa nje tu, ule wa nyuma wanauburuta. Gawa uzito nusu kwa nusu. Vidole vya nyuma vikae karibu na kisigino cha mbele, goti la nyuma liwe chini ya nyonga. Ukitanua hatua kuliko hapo, huwezi tena kuikandamiza skii ya nyuma.

Kandamiza kwa sehemu pana ya mbele ya unyayo, upande wa kidole kidogo. Ukisimama kwenye ncha za vidole, kisigino kinapanda mno na skii inayumba. Hili ndilo la kushughulikia kuliko yote.

Anza tambarare, badilisha miguu mbele na nyuma ukiwa umesimama. Kisha njia ya kijani (rahisi kuliko zote), shuka moja kwa moja ukibadilisha polepole. Halafu kata mteremko kwa mshazari, mguu wa bondeni ukiwa mbele. Kona zije mwisho: ukienda kulia, mguu wa kushoto unatangulia. Usirushe miguu kwa mkupuo halafu ndiyo ugeuke. Mabadiliko yaende pamoja na kulaza skii. Kifua kielekee bondeni muda wote.

Mleta uzi: Shukrani sana wakuu. Nikianguka, baindingi inaachia kama ya alpini?

Fundi_Skii: Usiitegemee kwa hilo. 75 mm nyingi haziachii kabisa. Baadhi ya NTN zinaachia, soma maelezo ya modeli husika. Isiyo na breki ifungwe kamba mguuni, skii ikikimbia yenyewe mteremkoni itaumiza mtu.

Goti_Chini: Vaa pedi za magoti zenye ganda gumu, goti la nyuma linagonga mawe na skii. Na springi usizikaze mno mwanzoni. Zikibana sana kisigino hakipandi, zikilegea mno unapinduka kifudifudi. Kaza kidogo kidogo, shuka mara mbili tatu, ndipo ukaze tena.