Hadithi ya Babu Isomwe Kama Ilivyoandikwa?

Kikundi: Wajukuu wa Ngamiani

[Jumatano, saa 2:10 usiku] Dada Mkubwa: Assalamu alaykum ndugu zangu, na wakubwa shikamooni. Hadithi ya mdogo wetu kuhusu marehemu Babu itasomwa barazani kwa Bibi Jumamosi baada ya Isha. Tangu jana nimeziweka hapa kurasa zote 11, na walionijibu ni wawili tu. Naomba kila mmoja aisome, kwa sababu Mjomba amenipigia simu akitaka mhusika mkuu abadilishwe, na jambo hilo sitaki kulikata peke yangu.

[2:31] Mjomba Mwalimu: Waalaykumu salaam. Sikusema abadilishwe, nilisema apewe tendo moja jema la kumfanya msomaji ampende. Nimefundisha fasihi miaka mingi, nami nimeona kwamba mwanafunzi akikosa mtu wa kuwa upande wake hukifunga kitabu. Shaaban Robert, aliyezaliwa hapa hapa kwetu Vibambani mwaka 1909, katika Adili na Nduguze alimwita mhusika wake Adili ili tujue mapema tumfuate nani. Mnyapara wenu anakataa kumtilia mkata mkonge alama ya siku ya 30 kwenye kipande chake, yaani kadi yake ya kazi, kisha anauza shamba la minazi pasipo mkewe kujua. Nimfuate kwa lipi?

[2:40] Dada Mkubwa: Shikamoo Mjomba. Nawe umemtaja Adili, basi tusimwache njiani. Nduguze wawili, Hasidi na Mwivu, waligeuzwa manyani, naye akawa anawapiga kila usiku kwa amri aliyopewa. Bibi alipotusomea kitabu kile nililia kwa ajili ya manyani. Nilijua vizuri ubaya waliomtendea ndugu yao, na bado kila usiku ulipoingia niliombea mjeledi usishuke. Jina la Adili lilinionyesha aliye mwema, lakini halikuweza kunichagulia wa kumwonea uchungu.

[2:44] Shemeji wa Muheza: Mimi katika hadithi za sungura na fisi siku zote nilikuwa upande wa fisi, kwa kuwa njaa yake ni ya kweli.

[2:45] Binamu wa Makorora: Ndiyo maana sinia la pilau la hitima lilirudi jikoni jeupe.

[2:46] Shemeji wa Muheza: Sinia lile tulikuwa watu sita, na mashahidi wangu wako hai.

[2:52] Dada Mkubwa: Tafadhalini, sinia tutalizungumza siku nyingine. Hata hivyo Shemeji amegusa penyewe. Sungura ni mwongo, mwizi na mvivu wa kuchimba kisima, na watoto wa pwani nzima wanamshangilia. Hawamshangilii kwa wema wake, wanataka kuona safari hii atatokaje.

[3:05] Mjomba Mwalimu: Sungura si baba wa mtu. Mambo ya Mzee kule Pongwe mlisema yamekwisha siku ya arusi ya Muheza, na mimi nikanyamaza kwa sababu mama aliniomba. Sasa yamerudi yakiwa yamepigwa chapa. Mzee hakusifiwa alipokuwa hai, wala hitima yake haikupita bila manung'uniko, na sasa mnawaita majirani waje wamchukie.

[3:20] Mdogo Wetu: Shikamoo Mjomba. Sikuiandika ili achukiwe. Nilipokuwa shuleni nilisoma Rosa Mistika ya Kezilahabi, na Zakaria, yule baba anayempiga bintiye kwa sababu ya barua ya mvulana, sikumpenda hata kidogo, lakini nilimfuata hadi mwisho kwa sababu niliiona hofu yake ikiwa imevaa vazi la ukali. Ndiyo maana ukurasa wa tisa nimeuandika polepole. Mnyapara anahesabu fedha za shamba mara tatu juu ya mkeka, kwa mwanga wa koroboi, mkewe akiwa amelala. Kisha anazifunga kwenye shuka na kutoka kabla ya adhana. Nikimpa hapo yatima wa kumgawia mkate, mkono wake utaacha kutetemeka, na mimi sitakuwa tena na hadithi.

[3:22] Dada Mkubwa: Wengine mko wapi? Naona alama kwamba watu 19 wamesoma.

[3:58] Bibi (anaandikiwa na mjukuu): Nimesomewa yote. Msimtie wema asiokuwa nao, maana mkimtia sitamjua ni nani. Niliishi na mtu yule miaka 41, nikamkasirikia, na nyayo zake zikichelewa mlangoni silali. Usiku ule sikuwa nimelala. Alihesabu mara nne.

[4:30] Dada Mkubwa: Tumesikia, Bibi.

[Alhamisi, saa 12:15 asubuhi] Mdogo Wetu: Nimesahihisha. Sasa ni mara nne, na mke yuko macho. Imenibidi niandike upya kurasa mbili zinazofuata.

[1:02] Dada Mkubwa: Mjomba, tulikubaliana kwamba ukurasa wa tisa ungeusoma wewe kwa sababu ya sauti yako. Je, bado?

[1:40] Mjomba Mwalimu: Nipeni muda. Sikujua kwamba mama alikuwa macho.

[Saa 11:20 jioni] Kaka wa Dar: Samahanini, ndiyo kwanza ninasoma. Hivi kikao ni kwa Bibi au kwa Mjomba, na huyo mhusika amebadilishwa au hakubadilishwa?

[11:26] Dada Mkubwa: Ni kwa Bibi. Anayekuja na gari aniletee mikeka miwili. Msomaji wa ukurasa wa tisa bado ninamngoja.