Viza ya mwenza Marekani: mnatutenganisha wenyewe, halafu mnadai ushahidi kwamba tuko pamoja!

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa hasira. Mwenye kutaka kuniambia "subira yavuta heri" apite kimya kimya, hiyo nimeshaambiwa na mama mkwe.

Mke wangu ni mtoto wa Tanga kama mimi, ila sasa ana uraia wa Marekani. Tumeoana kihalali, mahari imetolewa, cheti cha ndoa kipo, na wazee wa pande zote mbili wanajuana tangu sisi hatujazaliwa. Baada ya harusi akarudi kazini kwake Minnesota, akajaza fomu I-130 ya kuniombea nihamie kule, akaipeleka uhamiaji wao, akalipia. Kwa mtandao ni dola 625, kwa makaratasi 675. Kabla ya Aprili 2024 ilikuwa 535, yaani bei imepanda na foleni haijasogea. Mwaka umeisha, tunautafuna wa pili, na ukifungua akaunti ya maombi mtandaoni unakuta sentensi ile ile: faili limepokelewa.

Na msiniambie eti nafasi ni chache. Hapo ndipo watu wengi hawajui. Mwenye green card (kadi ya ukaazi wa kudumu, bado si raia) akimwombea mkewe, kweli kuna ukomo wa idadi kila mwaka na lazima asubiri zamu. Raia akimwombea mke au mume, sheria yao haina ukomo wowote! Viza haiwezi "kuisha". Kwa hiyo kinachosubiriwa siyo nafasi, ni mtu wa kufungua faili. Basi.

Sasa njooni kwenye ushahidi. Maelekezo ya fomu yenyewe yanataja mfano wa vitu vya kuthibitisha kuwa ndoa ni ya kweli: hati ya mali mnayomiliki pamoja, mkataba wa pango unaoonyesha mnaishi nyumba moja, ushahidi kwamba fedha zenu zimechanganyika, vyeti vya watoto mliozaa. Hivi jamani, mkataba wa pango wa nyumba gani? Mimi niko Chumbageni hapa Tanga, yeye yuko Minneapolis kule Minnesota, na sababu pekee ya kuwa hivyo ni hiyo hiyo viza ninayoiomba. Mtoto nitamzaa kwa WhatsApp?

Picha ndiyo usiseme. Wanaotushauri kila siku wanasema weka picha za harusi, wewe na bibi harusi mkiwa na ndugu wa pande zote. Waislamu wa pwani mnanielewa. Nikaha yangu imefungwa msikitini, wanaume watupu, mwenzangu yuko kwao na wanawake. Picha yangu bora kuliko zote za siku ile nimeshikana mkono na baba mkwe, tunatazamana machoni, shehe katikati. Mkilitazama albamu langu bila maelezo mtasema nimemuoa mzee! Za mke wangu amekaa na mashangazi, simu zilikatazwa mlangoni, zilizopatikana ni za kuibia. Imebidi tuandike barua ya kumweleza mtu asiyetujua jinsi ndoa inavyofungwa kwetu, na viapo vya mashahidi juu. Utadhani tumekamatwa na kosa.

Lakini hilo nalo tungelibeba. Kinachonipandisha presha ni mtego wenyewe ulivyofungwa. Mtu mwenye akili atauliza, si mke aje akae Tanga na mumewe mpaka viza itoke? Hawezi. Huyo huyo anatakiwa kusaini fomu I-864 ya kunidhamini, na mdhamini lazima awe na makazi yake Marekani, na awe na kipato kisichopungua asilimia 125 ya kiwango chao cha umaskini. Kwa familia ya watu wawili, kwa viwango vya 2025, hiyo ilikuwa dola 26,437 kwa mwaka. Akiacha kazi aje kuishi nami, kipato kimekatika na makazi nayo inabidi ayathibitishe upya kwamba anarudi kweli. Akibaki kazini, ataulizwa mbona hamjawahi kuishi pamoja. Afanye lipi?

Anakuja likizo, siku za kuhesabu, na akitua nyumbani kwao analipa viza ya dola 100 kama raia yeyote wa Marekani, maana sisi nasi uraia wa nchi mbili hatuutaki. (Huo ni uzi mwingine, leo sina nguvu.)

"Si uende wewe na viza ya kutembea?" Ndugu zangu, sheria yao inamhesabu kila mwombaji wa viza ya kutembea kuwa ni mtu anayetaka kuhamia, mpaka athibitishe vinginevyo. Mimi nina maombi ya kuhamia mezani kwao, yameandikwa jina langu. Nitathibitisha nini pale dirishani?

Na wenyewe wanajua kuwa hili ni tatizo! Mwaka 2000 bunge lao lilitunga sheria ikaanzisha viza iitwayo K-3, makusudi kabisa ili mume au mke wa raia akasubirie kule kule na mwenzake. Ipo mpaka leo kwenye vitabu. Nenda kaiombe uone. I-130 ikishapitishwa, ombi la K-3 linafungwa tu, kwa hiyo zinazotoka ni za kutafuta kwa tochi. Dawa ipo kabatini, mgonjwa anaambiwa avumilie.

Gharama zilizobaki nazipita haraka: dola 325 ya maombi ya viza, 120 ya kukaguliwa hiyo dhamana, vipimo vya afya juu yako, na ukishapewa viza 235 nyingine ya kadi ya ukaazi. Na dhamana aliyosaini mke wangu hata tukiachana kesho haifutiki kwa talaka. Inamfunga mpaka niwe raia au nitimize robo mwaka 40 za kazi, yaani kama miaka kumi. Mwanamke amejifunga hivyo kwa hiari yake, bado anaulizwa kama ananipenda kweli.

Mtaani nako nimeshabatizwa Marioo. Nafanya kazi zangu, nalipa kodi yangu, ila kijiweni mimi ni "anayesubiri kuvutwa na demu". Sawa, endeleeni.

Waliopita njia hii karibuni, nataka mambo mawili tu. Ndoa za msikitini mlizithibitisha kwa kitu gani mbali na picha? Na kuna aliyewahi kumwandikia mbunge wa jimbo anakoishi mwenzake kule Marekani aulizie faili, likasogea? Nasikia ofisi zao zinapokea maombi ya namna hiyo.

Na nyie mnaonifuata PM kwamba mna "mtu wenu ndani" wa kuharakisha kwa laki tano: fomu zote ni bure kupakua, na ada inalipwa moja kwa moja serikalini kwao. Atakayefuata namuanika hapa hapa na namba yake ya Mixx by Yas (Tigo Pesa ya zamani).