Risasi gani ya dukani kwa .308? Naenda kuwinda elki Colorado mwezi wa kumi

Mgeni_Milimani:
Wakuu habari zenu. Niko Denver mwaka wa sita sasa, kazini kuna mzungu tumezoeana kila mwaka analeta nyama ya elki (kama hujawahi kumwona ni kulungu ila mkubwa balaa, dume linafika kilo 300 na zaidi), basi mwaka huu kanishawishi, darasa la wawindaji nimemaliza, kadi ninayo, leseni ya msimu wa pili wa raifo nimeshalipia. Bunduki nimechukua mtumba, .308 Winchester, mtutu inchi 22. Shida ni risasi. Nimeingia dukani nikakuta ukuta mzima, boksi la dola 30 na boksi la dola 70 yote yameandikwa .308, muuzaji ananiuliza greni ngapi nikabaki namtolea macho. Nikatoka mikono mitupu. Huyo jamaa yangu anatumia 7mm Remington Magnum, anasema .308 kwa elki ni ndogo niiuze. Halafu aliyeniuzia bunduki kanipa na maboksi matano ya risasi za kijeshi, zinafaa?

Mzee_wa_Cheyenne:
Kijana anza na hizo za kijeshi, ziache za mazoezi tu, usiende nazo porini. Kile kichwa (kipande kinachoruka kwenda kumpiga mnyama) kimefunikwa shaba mwili mzima hakipanuki, kinaingia huku kinatokea kule, mnyama anakimbia maili mbili na tundu dogo anakwenda kufia usikokujua. Na Colorado ni kosa kisheria, wanataka kichwa kinachopanuka, kwa elki kisipungue greni 85, kipenyo cha mtutu kisipungue inchi .24 na kichwa kikifika yadi 100 kiwe bado na nguvu futi-pauni 1,000. Greni ni uzito wa kile kichwa tu, si wa risasi nzima. .308 yako inavuka mstari huo kwa mbali sana, usiuze kitu. Chukua kichwa cha greni 165 au 180. Nimewinda miaka kumi na nane huku, elki wengi nimewaangusha na .30-06, na hiyo ni shangazi yake .308, tofauti yao ukiwa porini huioni.

KamaNgosi:
Huku kwetu Kenya kuwinda kulipigwa marufuku 1977 kwa hivyo mimi nimekuja na chai yangu kusoma tu. Endeleeni 😂

Mjukuu_wa_Askari:
Babu yangu alikuwa askari wa wanyamapori upande wa Rukwa, yeye angekwambia chukua .375 umalize maneno

Mzee_wa_Cheyenne:
@Mjukuu_wa_Askari hiyo ni ya nyati na tembo, mdogo wangu. Elki hakurudii kukupiga pembe. Ukimpa kijana .375 siku ya kwanza ataanza kufumba macho kabla hajavuta, na mtu anayefumba macho hata umpe mzinga atakosa.

Mashi_Boise:
Kaka mimi niko Idaho, tuko wengi hapa tuliotoka Bukavu. Nikuambie kitu cha nyama. Vichwa vingi ni risasi yenyewe (yale madini laini) ndani ya koti la shaba, vikigonga mfupa vinamwaga vipande vidogo ambavyo kwa macho huvioni, vinabaki kwenye nyama na watoto wanakula. Mwaka wangu wa kwanza nilitumia zile za bei ya chini, nikampiga bega kwa yadi 80 hivi, kichwa kikapasuka juu juu, ilibidi nimpige mara ya pili na bega lote tukatupa. Sasa natumia za shaba tupu, Barnes TTSX. Moja niliikuta chini ya ngozi ya upande wa pili imefunguka petali nne kama ua, uzito karibu wote bado upo. California wanalazimisha zisizo na hayo madini ya risasi tangu Julai 2019. Ila shaba inataka mwendo, ikifika imechoka haifunguki vizuri, kwa .308 usijaribu mbali sana.

Dada_wa_Missoula:
Wote mmeongea vizuri ila mmeruka jambo lenyewe, hamjui bunduki yake inapenda nini. Bunduki mbili za kiwanda kimoja, risasi ya boksi moja, hii inakusanya matundu pamoja hii inatawanya. Nunua boksi mojamoja za aina tatu, mfano Core-Lokt, Nosler Partition, na hizo za shaba, nenda uwanja wa shabaha, weka bunduki juu ya mfuko wa mchanga, yadi 100, piga tatu tatu na uache mtutu upoe kila raundi. Inayokusanya ndani ya inchi moja na nusu ndiyo yako, hata kama ndiyo ya bei rahisi. Na usiamini sana kasi iliyoandikwa kwenye boksi, mara nyingi wanapimia mtutu wa inchi 24, wako 22 itapungua kidogo. Ukishachagua, weka darubini ipige katikati kwa yadi 200, ukifika 300 greni 165 itakuwa imeshuka kama inchi nane au tisa, kwa mara ya kwanza usipite hapo.
Samahani kuuliza, karatasi zako zikoje? Mwenye kadi ya kijani hana shida, ila mtu wa viza ya muda, bila leseni halali ya kuwinda au ruhusa nyingine ya kisheria, kushika tu bunduki au risasi ni kesi.

Mgeni_Milimani:
Dada kadi ya kijani ninayo tangu mwaka juzi, asante kwa kuuliza.
Mrejesho: jana nimeshinda uwanjani, bega limevimba. Za shaba zilitawanyika inchi tatu sijui nimezikosea nini, Partition inchi mbili, na zile Core-Lokt za dola 30 greni 180 tundu mbili zimegusana na la tatu pembeni inchi moja. Nimerudia mara tatu, vilevile. Mashi najua utanuna.

Mashi_Boise:
Sinuni, ila mtutu uliusafisha vipi? Ukitoka aina moja kwenda ya shaba sugua kwanza mpaka kitambaa kitoke cheupe, halafu jaribu tena. Ikikataa basi, usilenge bega, lenga nyuma yake kidogo, mapafuni.

Mgeni_Milimani:
Sikusafisha kabisa kumbe. Jumamosi narudia.

Mzee_wa_Cheyenne:
Zozote zitakazoshinda, angalia namba ya toleo iliyopigwa kwenye boksi, nunua zingine zenye namba hiyohiyo. Toleo likibadilika na shabaha inaweza kuhama.

Mgeni_Milimani:
Nimesugua, za shaba zimerudi hadi inchi mbili, bado zile za dola 30 zinaziacha. Nimekwenda dukani, namba ile yamebaki maboksi mawili, nimebeba yote.