Poka: dau nigawe vipi mpaka karata ya mwisho?

MwanaTudor
Salaam wakuu. Huwa tunacheza Texas Hold'em (poka ya karata mbili mkononi na tano za wote mezani) kwa rafiki hapa Tudor. Juzi nimeshika ree ya kopa na kingi ya uru, tumebaki wawili, mimi wa mwisho kuamua. Kapu (pesa zilizokwisha wekwa mezani) lina 600, kila mmoja amebakiwa na 2,100. Zikafunguliwa ree ya pau, tisa ya shupaza, nne ya shupaza. Nikaweka 150, akafuata. Ya nne mbili ya uru, nikaweka 225, akafuata. Ya mwisho saba ya pau, 300, akafuata tena, kumbe ana ree na kumi. Nimekula, lakini naona kidogo. Nyinyi mngeanza na ngapi?

Bandarini
Nusu ya kapu kila mara. 300, akifuata kapu ni 1,200. Halafu 600, kapu 2,400. Mwisho 1,200. Jumlisha uone: 2,100 kamili, yote aliyobakiwa nayo. Hesabu hiyo hufanywa kabla ya dau la kwanza, kwa sababu dau la mwisho hupimwa kwa kapu, na kapu linakuzwa mapema. Wewe umemtoa 675 tu.

Shangazi Kongowea
Haya, na huyo wa ree na kumi angefuata hiyo 1,200? Mimi ningetupa zamani. Ukipiga kubwa mara tatu utabaki na mwenye jozi ya nne mkononi, na ile ya mezani zinakuwa tatu, akunyoe.

Bandarini
Shangazi, kwa mchezaji mwoga kweli, hasa dau la tatu ningelipunguza. Lakini yuko mwenye shupaza mbili mkononi, anayengoja ya tano ili zote ziwe aina moja akushinde. Zimebaki 9 kati ya karata 47 asizoziona, kama asilimia 19. Kwa 150 anaitafuta 750, anahitaji asilimia 17 tu. Umemuuzia kwa bei ya hasara! Kwa 300 anahitaji 25, hapo anafuata kwa kutumai utamlipa baadaye.

Ustadh Mdogo
Kamari haramu jamani. (Hesabu nimeisoma yote.)

MwanaTudor
😂 Sawa ustadh. Na shupaza ya tatu ikishuka kwenye karata ya nne?

Bandarini
Akipita (asipoweka dau), mara nyingi nami napita. Ree yako bado inaweza kuwa mbele, ila sasa kapu dogo ndilo zuri kwako. Akiweka dau la kawaida nafuata mara moja, halafu namtazama ni mtu wa aina gani.

Shangazi Kongowea
Hapo tumekubaliana. Na mkwara, dau la kutisha bila karata nzuri, je? Kuna kijana kwetu hupita, hupita, halafu karata ya mwisho anatupia 1,200 kwenye kapu la 2,400.

Bandarini
Dau la nusu kapu linamlipa mkitupa karata zaidi ya mara moja katika tatu. Lakini aliyepita njia nzima, hiyo nguvu kaipata wapi? Kama karata ya mwisho haikubadilisha kitu mezani, mfuate.